Walioingia Baraza la Juu la Queensland, na waliotumwa kulifunga

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili, magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakijadili kama Seneti yetu ifutwe au ibaki. Mmoja akasema kuna jimbo la Australia liitwalo Queensland lililofuta baraza lake la juu karne moja iliyopita, na kwamba wajumbe wenyewe ndio waliopiga kura ya kulifuta. Je, ni kweli? Wajumbe hao walikuwa nani, walipatikana vipi, na mtu mwenye kiti cha maisha anawezaje kukipigia kura kiondoke?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako hakukosea. Baraza la Kutunga Sheria la Queensland lilikaa mara ya mwisho tarehe 27 Oktoba 1921, likafutwa rasmi tarehe 23 Machi 1922, na kura ya kulifuta ilipita humohumo ndani, mikononi mwa watu wenye viti vya maisha. Ila hapo anaposema "wajumbe wenyewe" ndipo pa kuchunga. Wale wazee waliolikalia Baraza miaka na miaka hawakutaka life. Waliolifuta ni watu walioingizwa kwa kazi hiyo. Na waliweza kuingizwa kwa sababu sheria iliyounda Baraza ilisema mengi kuhusu nani aingie, lakini haikusema hata neno moja kuhusu mwisho wa idadi yao. Mgogoro wote wa Queensland wa miaka ile unatoka kwenye pengo hilo.

Tuanze na namna walivyopatikana. Queensland ilijitenga na New South Wales mwaka 1859, na Bunge lake likakutana Brisbane kwa mara ya kwanza Mei 1860. Lilikuwa na mabaraza mawili. La chini lilichaguliwa. La juu halikupigiwa kura na mtu yeyote: Gavana, mwakilishi wa ufalme wa Uingereza, ndiye aliyeteua. Wajumbe wa mwanzo kabisa walipewa miaka 5 tu, waliofuata wakapewa maisha. Ni ukoo mmoja na Legco, yaani baraza la kutunga sheria la kikoloni, ya Nairobi iliyoanza 1907 na ile ya Dar es Salaam ya 1926, ambazo nazo zilianza kwa watu wa kuteuliwa na Gavana, isipokuwa kwamba Legco zetu zilikuwa peke yake, wakati lile la Brisbane lilikaa juu ya baraza la wachaguliwa na lilikuwa na uwezo wa kuwakatalia miswada yao.

Masharti ya kuingia yalikuwa mepesi kushangaza. Uwe na umri wa miaka 21, uwe raia wa Mfalme kwa kuzaliwa au kwa kuandikishwa, basi. Hapakuwa na sharti la mali. Angalau wanne katika kila watano walitakiwa wawe watu wasioshika kazi ya mshahara serikalini, ili Baraza lisigeuke kuwa mkutano wa makarani wa Gavana. Ukishaingia, kilichoweza kukutoa ni kifo, barua yako mwenyewe ya kujiuzulu, kufilisika, kupatikana na hatia ya kosa kubwa, kula kiapo kwa dola nyingine, au kukosa kuhudhuria vikao vya misimu 2 mfululizo bila ruhusa. Uchaguzi haukukugusa. Serikali ingeweza kuanguka mara kumi, wewe ukawa umekaa palepale kwenye chumba chenye viti vyekundu, katika jengo la Bunge lililoko George Street. Chumba hicho kipo hadi leo, na shughuli za heshima bado hufanyika humo.

Hata hivyo, kwamba sheria haikudai mali haikumaanisha kwamba wasio na mali waliingia. Wajumbe hawakulipwa mshahara. Mchunga kondoo wa kuajiriwa kule ndani bara, au mkata miwa wa kaskazini, angeishi Brisbane kwa fedha gani miezi yote ya kikao? Kwa hiyo Baraza la mwanzoni mwa karne ya 20 lilijaa wafugaji wakubwa waliokodi ardhi ya serikali, wafanyabiashara, mawakili, madaktari na wanasiasa wastaafu. Rais wa Baraza, yaani aliyeongoza vikao vyake, tangu 1898 hadi alipofariki mwanzoni mwa 1906 alikuwa Sir Hugh Nelson, aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo kabla ya hapo. Aliyemfuata, Sir Arthur Morgan, naye alitoka moja kwa moja kwenye uwaziri mkuu. Andrew Thynne, wakili, aliingia 1882 akatoka siku Baraza lilipofutwa: miaka 40 bila kumwomba mpigakura hata kura moja. Frederick Brentnall, mchungaji wa Kimethodisti aliyegeukia magazeti, alikuwamo tangu 1886. T. C. Beirne, Mwairlandi mwenye duka kubwa la nguo pale Fortitude Valley, aliingia 1905, na jina lake leo liko kwenye shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Queensland. Mwanamke hakuwahi kuwamo hata mmoja, toka mwanzo hadi mwisho, ingawa wanawake wa jimbo hilo walipata haki ya kupiga kura za Bunge la jimbo mwaka 1905.

Sipendi kuwachora watu hawa kama wakorofi tu, kama wanavyochorwa na wanahistoria wa upande wa wafanyakazi. Wengi walikuwa wasomaji wazuri wa miswada na walisahihisha sheria zilizoandikwa kwa haraka. Lakini siri haikuwepo: mswada ukigusa ardhi, mishahara au upigaji kura, wengi wao walijua wanailinda mifuko gani.

Sasa njoo kwenye lile pengo. Kwa kuwa idadi haikuwa na kikomo, Waziri Mkuu aliyezuiwa na Baraza alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni kumwomba Gavana ateue wajumbe wapya wa kutosha kuwazidi waliopo. Vitisho vya namna hiyo vilitolewa mara nyingi. Swali lilikuwa: je, Gavana analazimika kukubali?

Swali hilo lililipuka Novemba 1907. Waziri Mkuu William Kidston, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa na duka la vitabu Rockhampton, alikuwa na miswada 2 iliyokwama Baraza la Juu. Mmoja ulihusu bodi za kupanga mishahara, mwingine uchaguzi, pamoja na kuondoa kura za posta ambazo upande wake uliamini zinatumiwa vibaya na matajiri. Akamwendea Gavana, Lord Chelmsford, akamwomba ateue wajumbe wapya. Chelmsford akakataa. Kidston akajiuzulu, na Gavana akampa serikali Robert Philp, kiongozi wa upinzani, ambaye hakuwa na wingi katika baraza la chini. Baraza la chini likamnyima Philp fedha za kuendeshea serikali. Gavana akavunja Bunge, uchaguzi ukafanyika Februari 1908, na Kidston akarudi madarakani. Serikali ya Philp ilidumu miezi 3 tu. Chelmsford huyuhuyu, ukiwafundisha wanafunzi historia ya India, utamkuta tena: ndiye aliyekuwa mtawala mkuu wa Waingereza huko tangu 1916 hadi 1921.

Kidston aliporudi, wazee wa Baraza walijua upepo umegeuka. Miswada ikapita. Lakini lililo kubwa zaidi ni sheria 2 za mwaka huohuo wa 1908 ambazo Baraza lenyewe lilizikubali. Ya kwanza iliondoa kifungu kilichotaka theluthi mbili ya wabunge ili kubadili muundo wa Baraza. Tangu hapo, wingi wa kawaida ulitosha. Ya pili ilisema mswada ukikataliwa na Baraza katika misimu 2 mfululizo, serikali inaweza kuupeleka kwa wananchi kwa kura ya maoni. Ukinilazimisha nitaje tarehe ambayo Baraza lilianza kufa, nitakutajia 1908, wala si 1922. Wajumbe walikubali sheria hizo wakidhani wamejinunulia amani, kumbe walikuwa wameachia kinga yao ya kisheria na kubaki na kinga moja tu, nayo ni hiari ya Gavana.

Mei 1915 chama cha Labor, yaani chama cha wafanyakazi, chini ya wakili T. J. Ryan, kikashinda uchaguzi kwa wingi mkubwa. Baraza la Juu lilikuwa na watu wao wachache mno. Ryan alitaka bima ya serikali, kodi ya ardhi, na masoko ya serikali. Baraza likawa linakataa huku na kukatakata kule. Mambo mengine aliyafanya bila kulipitia: mwaka huohuo serikali ilifungua bucha yake yenyewe Brisbane ili kupunguza bei ya nyama. Kisha akaleta mswada wa kulifuta Baraza. Ukakataliwa mara mbili, na kwa hiyo ukaenda kwa wananchi kwa sheria ile ya 1908. Baadhi ya wajumbe wakakimbilia mahakamani kudai kwamba kura hiyo haina uhalali. Mahakama ya juu ya jimbo iliwakubalia, ila Mahakama Kuu ya Australia ikatoa uamuzi kwamba Bunge la Queensland lina uwezo kamili wa kulifuta Baraza lake.

Kura ikapigwa tarehe 5 Mei 1917, siku moja na uchaguzi wa Bunge la shirikisho, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto. Waliotaka Baraza lifutwe walikuwa 116,196. Waliokataa walikuwa 179,105.

Naomba wanafunzi wako watulie hapa kidogo, maana vitabu vingi hupita haraka. Wananchi waliulizwa, wakajibu hapana, tena kwa tofauti ya zaidi ya kura 60,000. Mwaka uliofuata, Machi 1918, wananchi haohao wakamrudisha Ryan madarakani. Yaani mtu alikuwa radhi kabisa kuwapa Labor serikali, lakini hakuwa radhi kuwaachia Bunge lisilo na wa kulizuia. Hayo ni maoni yaliyokomaa, na Labor iliyasoma kwa namna yake: mlango wa kura ya maoni umefungwa, tuingilie wa uteuzi.

Oktoba 1917 Gavana, Sir Hamilton Goold-Adams, alikubali majina 13 ya Labor. Hawakutosha kuwa wengi, lakini sura ya Baraza ilibadilika. Mtazame William Hamilton, aliyekuwa ameingia kabla yao. Mwaka 1891, wakati wa mgomo mkubwa wa wakata manyoya ya kondoo, alihukumiwa miaka 3 kwa kosa la kula njama na akatumikia kifungo katika kisiwa cha St Helena, kilichoko kwenye ghuba mbele ya Brisbane. Baada ya kutoka akachaguliwa kuwa mbunge wa Gregory, wilaya ya mbali ya wafugaji, kisha 1915 akateuliwa kuingia Baraza la Juu. Sir Arthur Morgan alipofariki, Hamilton akakalia kiti chake cha Rais wa Baraza. Sasa fikiria wale wafugaji wakubwa, ambao serikali ilifunga viongozi wa mgomo ili mali zao zisalimike, wakilazimika kumwinamia mfungwa wa zamani kila wanapotaka kusema. Alishika kiti hicho hadi 1920.

Mwaka huo 1920 ndio ulioamua. Ryan alikuwa ameshahamia siasa za shirikisho na Edward Theodore ndiye Waziri Mkuu. Goold-Adams aliondoka, na Gavana mpya, Sir Matthew Nathan, hakufika hadi Desemba. Katikati hapo madaraka ya Gavana yalishikwa na Naibu Gavana William Lennon. Huyu hakuwa lodi aliyetumwa kutoka London. Alikuwa mtu wa Labor, aliyekuwa Spika wa baraza la chini hadi juzijuzi. Februari 1920 akateua wajumbe wapya 14, wote wakiwa wameahidi kupiga kura ya kulifuta Baraza. Mwaka huohuo Lennon akawa pia Rais wa Baraza. Magazeti yakawabandika wateuliwa hao jina la "kikosi cha kujiua".

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ndilo hili. Mtu anakipigia kura kiti cha maisha kiondoke kwa sababu amepewa kiti hicho kwa masharti hayo. Kwake kiti kilikuwa kazi ya chama, tena isiyo na mshahara, na akiimaliza ataheshimiwa na watu anaowathamini. Thynne alikuwa na miaka 40 ya kupoteza. Mteuliwa wa Februari 1920 alikuwa na miezi 20.

Lakini hawakukifunga papo hapo, na hili huwashangaza wengi. Walipopata wingi walianza kwa kupitisha sheria zilizokuwa zimekwama. Iliyozua kelele kubwa ni marekebisho ya sheria ya ardhi ya 1920. Wafugaji walikuwa wamekodi maeneo makubwa ya serikali, na sheria ya zamani ilizuia pango lao kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 50 kila lilipokadiriwa upya. Serikali iliondoa ukomo huo hata kwa mikataba iliyokuwa ikiendelea. Wapinzani walisema huko ni kuvunja mkataba. Ujumbe ukapanda meli hadi London, akiwamo Robert Philp yuleyule wa 1907, kuyaeleza mabenki na matajiri yaliyotokea. Theodore alipofika London kukopa akakuta milango imefungwa, na mwaka uliofuata akapata mkopo wake New York. Wafugaji walipopoteza Baraza, ngome yao ya pili ilikuwa soko la fedha la London, na kwa miaka kadhaa ngome hiyo iliwauma Labor kuliko Baraza lilivyowahi kuwauma.

Oktoba 1921 Theodore akaleta mswada wa kulifuta. Ulipita baraza la chini, ukapanda la juu, ukapita humo siku chache baadaye bila taabu, wazee wakipinga. Hakukuwa na kura ya maoni safari hii, kwa kuwa sheria ilihitaji kura hiyo pale tu mabaraza yanapopingana, na sasa yalikuwa yamekubaliana. Nathan aliupeleka mswada London upate idhini ya Mfalme. Wapinzani wakaandika maombi ya kutaka ukataliwe. Waziri wa Makoloni wakati huo alikuwa Winston Churchill, na London haikutia kizuizi.

Utaniuliza: mbona majimbo mengine ya Australia bado yana mabaraza ya juu? Victoria, South Australia, Western Australia na Tasmania yalikuwa na wajumbe wa kuchaguliwa, ingawa kwa muda mrefu kura hizo zilikuwa za wenye mali tu. Victoria, kwa mfano, ilikuwa na wajumbe 34, na si Gavana wala Waziri Mkuu aliyeweza kuongeza wa 35. Lilikuwa baraza la kihafidhina kuliko la Queensland, na wapigakura wake hawakufunguliwa mlango kikamilifu hadi 1950, lakini halikuweza kufurikwa. New South Wales ndiyo iliyofanana na Queensland, kwa uteuzi wa maisha na idadi isiyo na mwisho. Huko Waziri Mkuu Jack Lang alijaribu njia ileile. Gavana alimpa wajumbe 25 wapya, na mapema 1926 akapeleka mswada wa kulifuta Baraza. Baadhi ya wateuliwa wake mwenyewe wakamgeuka, wengine wakakosa kufika siku ya kura, na mswada ukaanguka. Kiti cha maisha hakidai uaminifu baada ya kukikalia, na jambo hilo Lang alilijua kwa machungu. Nadhani Theodore alifanikiwa si kwa sababu watu wake walikuwa bora, bali kwa sababu aliwachuja vizuri zaidi.

Baada ya 1922, upande wa wahafidhina ulipata nafasi moja ya kulirudisha. Serikali ya Arthur Moore ilitawala Queensland tangu 1929 hadi 1932, lakini Baraza halikurudi. Labor ilipoingia tena ikapitisha mwaka 1934 sheria inayosema baraza la juu haliwezi kuundwa upya bila wananchi kukubali kwa kura ya maoni. Sheria hiyo bado ipo. Labor hiyohiyo, iliyopuuza kura 179,105 za mwaka 1917, ikaweka ulinzi wa kura ya wananchi mlangoni. Sioni namna ya kulitetea hilo, ingawa mengine mengi waliyofanya nayatetea.

Kuhusu mjadala wa darasani, waelekeze wanafunzi kwenye 1966 kwanza. Seneti ya Kenya ya wakati huo ilikuwa na maseneta 41, na ilipounganishwa na baraza la chini viliongezwa viti 41 katika Bunge moja lililobaki, toka 117 hadi 158. Maseneta wetu hawakuombwa wajiue. Walihamishwa chumba pamoja na viti vyao. Wale wa Brisbane hawakupewa kiti kingine popote. Seneti ya sasa ni jambo jingine kabisa: wajumbe wake 67 wametajwa kwenye Katiba, 47 kati yao wakichaguliwa na kaunti, kwa hiyo hakuna Rais anayeweza kuwaongezea wenzao 14 Jumanne moja asubuhi. Na kwa kuwa kuifuta kungegusa ugatuzi, Kifungu cha 255 kingeipeleka hoja hiyo kwenye kura ya maoni. Mwombe mwanafunzi aliyelitaja jimbo la Queensland aeleze angepitia mlango upi.